Mikono ya Hiari katika Msitu wa Karura

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya iliwapa wananchi siku nzima ya mapumziko ili watoke wakapande miti, na miche milioni 100 ikatajwa kuwa ndiyo shabaha ya siku hiyo moja, katika azma kubwa zaidi ya kufikisha miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Sina neno baya juu ya siku ile. Taifa linalokubali kufunga afisi zake kwa ajili ya mti limekiri hadharani jambo ambalo kizazi kilichotangulia kililipigania kwa machozi na damu. Lakini mche una siku moja ya kupandwa na siku nyingi mno za kumhitaji mtu, na suali ninalotaka kulileta mbele ya wasomaji ni la siku hizo nyingi: nani atakayerudi msituni mwezi wa pili, na wa sita, na mwaka wa tatu, pasipo ngoma wala hotuba, kupalilia mche uliosongwa na nyasi, kung'oa kichaka cha kigeni kilichochipuka upya, kuzibua mfereji uliojaa majani na kurudisha juu ya njia udongo ulioporomoshwa na mvua? Itikadi yangu ni kuwa atarudi yule aliyekuja kwa hiari yake na akapewa sababu ya kuiona ardhi ile kuwa ni amana mikononi mwake. Na kwamba nchi yetu, ambayo haijapata kupungukiwa na watu wa kujitolea, bado haijawapa watu hao mambo mawili wanayoyastahili, nayo ni elimu ya kazi wanayoifanya na sauti katika mashauri ya ardhi wanayoitunza.

Msitu wa Karura, ulioko upande wa kaskazini wa jiji la Nairobi, unanitosha kuwa mfano. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, nao una eneo la hekta 1,041 hivi, lililokatwa vipande na barabara ya Limuru upande mmoja na barabara ya Kiambu upande wa pili. Umezungukwa na mitaa ya matajiri, Muthaiga, Runda na Gigiri, ambako mabalozi na wakuu wa mashirika ya dunia huishi. Na pembezoni mwake pia pana kijiji cha Huruma, kisichopaswa kuchanganywa na mtaa mkubwa wa jina hilo ulioko mashariki ya jiji, ambako watu wake kwa miaka mingi waliuchukulia msitu kuwa ghala la kuni na njia ya kwendea kibaruani. Ndani yake mna mito midogo, maporomoko ya maji, mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujifichia, na leo mna njia za miguu na baiskeli zinazozidi kilomita 50 zikijumlishwa pamoja. Mbega weusi, waliokwisha kutoweka humo, walirejeshwa, na sasa mtu akitembea asubuhi kwa utulivu aghalabu atawaona wakiruka tawi hata tawi na mikia yao myeupe ikining'inia.

Anayeyaona haya leo ni vigumu kwake kuamini kuwa karibu yasingekuwapo. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya msitu huu ilikwisha kugawiwa kimyakimya makampuni ya binafsi yaliyokusudia kujenga majumba, na umma, ambao ndio mwenye mali, haukuwa na habari mpaka miti ilipoanza kuangushwa. Mwezi wa Oktoba 1998 waandamanaji waliingia humo, na mitambo ya wajenzi ikateketezwa kwa moto. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari Maathai, mama aliyekuwa ameanzisha Shirika la Green Belt mwaka 1977 kwa kuwashirikisha wanawake wa vijijini katika vitalu vya miche, alifika langoni pamoja na wabunge, waandishi wa habari na wafuasi wake, akikusudia kupanda mti. Wakavamiwa na kundi la watu wenye marungu na mijeledi, naye akapigwa kichwani hata akatokwa na damu, na damu hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kutilia sahihi taarifa yake katika kituo cha polisi. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, dunia ikalaani, na tarehe 16 Agosti mwaka uo huo Rais akatangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, bibi huyu alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hapa ndipo masimulizi mengi ya Karura hukoma, nami naona ndipo yanapopaswa kuanza. Maana msitu ule, baada ya kuokolewa na ushujaa, uliachwa miaka kadhaa bila ya mtu wa kuushughulikia. Wezi wa magogo na wachoma makaa waliingia na kutoka, wakora walijificha humo, na raia mwema aliyekuwa na akili yake timamu hakuthubutu kupita peke yake. Hati zilisema ni mali ya umma, ila umma haukukanyaga. Kilichobadilisha hali hiyo hakikuwa maandamano mengine. Kilikuwa ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyounda Shirika la Huduma za Misitu na, jambo lililokuwa geni wakati ule, ikawapa majirani wa msitu haki ya kuunda chama chao na kuingia katika mapatano rasmi ya kuusimamia pamoja na serikali. Kwa mlango huo ndipo chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kilipoingia. Fedha zikachangwa, ua wa umeme ukajengwa, vijana wa ujirani, baadhi yao wakiwa ni wale wale waliokuwa wakitafuta riziki kwa kukata miti humo, wakafundishwa wakawa skauti wa kuulinda, na mwaka 2011 watu wa jiji wakakaribishwa tena. Kwa hiyo Karura iliokolewa mara mbili, mara ya kwanza kwa ujasiri uliotangazwa duniani kote, na mara ya pili kwa subira ambayo hakuna aliyeipiga picha.

Juu ya subira hiyo nataka kusema kwa urefu kidogo, kwa sababu watu wengi wanaopenda kutembea msituni hudhani kuwa njia ni kitu kilichojitokea chenyewe, kama mto. Njia ni kazi. Na adui wake mkubwa si mguu wa mtu wala gurudumu la baiskeli, ni maji. Udongo wa Nairobi ni ule mwekundu uliozaliwa na mawe ya volkano, mzuri kwa shamba na mkaidi kwa njia: ukikauka huwa vumbi, ukilowa huwa utelezi unaonata kiatu, na ukiachiwa maji yateremke juu yake kwa kasi, msimu mmoja wa masika hutosha kuufukua hata mizizi ikabaki wazi na njia ikageuka korongo. Mtu asiyejua, akipewa jembe aambiwe atengeneze njia ya kushuka kilima hadi mtoni, ataichimba moja kwa moja kutoka juu hata chini, kwa kuwa ndiyo fupi. Na kwa kufanya hivyo atakuwa ameyatengenezea maji mfereji.

Mafundi wa kazi hii wana kanuni ambazo ni nyepesi kuzisema na ngumu kuzitii. Njia yapasa ikate ubavu wa kilima kwa mshazari, na mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, kwani ukizidi hapo maji yatapenda kuifuata njia kuliko kuivuka. Kwa jumla ni vyema mwinuko huo ukae chini ya sehemu kumi katika mia. Uso wa njia uinamishwe kidogo kuelekea upande wa bondeni, ili mvua ipite juu yake kwa upana na wembamba, badala ya kujikusanya. Kila baada ya masafa fulani njia ishuke kidogo kisha ipande tena, ili maji yaliyoanza kuifuata yapate pa kutokea. Na mahali ambapo haya hayawezekani, mawe au magogo yazikwe kwa mshazari kukinga na kuyaelekeza pembeni. Kisha kuna jambo ambalo kila anayeanza hulidharau: kwa kukanyagwa, katikati ya njia hudidimia na ukingo wa nje hujengeka tuta dogo, si kubwa kuliko kiganja cha mkono, na tuta hilo dogo huyazuia maji yasitoke. Kuliondoa tuta hilo, mita baada ya mita, kwa jembe na beleshi, na kuutandaza udongo wake upya mahali palipodidimia, ndiyo sehemu kubwa ya utunzaji wa njia ulimwenguni kote, wala haina fahari yoyote.

Nimepata kushika jembe katika kazi ya namna hiyo pamoja na watu wa kila hali, walimu, makarani, mafundi wa simu, wanafunzi, akina mama wastaafu, na nimeona mara kwa mara badiliko moja ambalo ndilo linalonifanya niandike. Mtu aliyekuja asubuhi akiwa mgeni wa msitu, akishatumia saa tatu kuinama juu ya mita ishirini za udongo, hawezi tena kupita njia yoyote bila ya kuisoma. Atakuonyesha mahali maji yaliposimama wiki iliyopita. Atajua kwa nini kundi la watembeaji lililokwepa tope limeipanua njia na kuua mimea ya kando, na siku nyingine yeye mwenyewe atapita katikati ya tope na kulowesha viatu vyake kwa moyo mkunjufu. Na akiona alama za mpimaji zimepigwa kwenye mti asioutarajia, atauliza. Suali hilo la mwisho ni lenye thamani kuliko udongo wote aliouinua. Ardhi ya Karura iligawiwa kwa siri katika miaka ya 1990 kwa sababu walioijua kwa karibu walikuwa wachache na wasio na nguvu. Wizi wa mali ya umma hupenda mahali ambapo hapana mtu anayejua mpaka uko wapi, njia inapita wapi na mti gani ulikuwa umesimama jana.

Kazi ya kung'oa mimea vamizi ina mafunzo yake pia. Lantana, uliokuja kutoka Marekani ya kitropiki kwa ajili ya uzuri wa maua yake, huota vichaka vizito visivyoachia mche wa asili nafasi ya kuona jua, na ndege huzisambaza mbegu zake kila pahala. Ukiukata kwa panga, kama wengi wafanyavyo kwa kuwa ni wepesi na kunaonekana kazi imefanyika, umeupogoa tu. Utachipuka tena na kunenepa. Sharti ung'olewe na mizizi, kwa sururu na kwa mikono yenye glavu, kisha mtu arudi, na arudi tena, mpaka mbegu zilizolala ardhini ziishe nguvu. Mikaratusi nayo ina kisa chake: ililetwa Kenya mwanzoni mwa karne ya ishirini ili iwe kuni za magarimoshi ya reli ya Uganda, nayo ikaenea katika misitu ya Nairobi na kunywa maji mengi ya udongo, na kwa hiyo kuiondoa na kurudisha mihugu, mitarakwa, mizeituni mwitu na mikuyu ni kazi ya miongo. Anayeshiriki kwa siku moja katika kazi ya miongo hana budi kupewa habari za mradi mzima, la sivyo ataondoka akidhani amebeba matakataka tu.

Lakini neno la kujitolea katika nchi zetu lina historia ambayo mwandishi mwaminifu hawezi kuiruka, kwani si kila jembe lililoshikwa kwa ajili ya hifadhi ya udongo lilishikwa kwa hiari. Katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliwatoa watu wa Murang'a, na hasa wanawake, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko juu ya vilima, bila ya ujira na bila ya kuulizwa. Na mwaka 1947 mkutano mkubwa uliazimia kuwa wanawake wasitoke tena kwa kazi hiyo, wakafuatia wao wenyewe kuigomea. Huko Tanganyika, katika milima ya Uluguru, wakulima walilazimishwa kuchimba ngazi za shamba katika miteremko mikali, na kwa kuwa udongo wenye rutuba wa milima ile ni mwembamba, ngazi ziliupindua ukafunikwa na udongo wa chini usiozaa. Mwaka 1955 kukazuka ghasia, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Katika visa hivi vyote viwili elimu ya hifadhi, kwa nadharia, haikuwa upuuzi, kwa maana mvua kweli ilikuwa ikiondoa udongo. Kosa lilikuwa kwamba aliyechimba hakuwa na neno katika kuamua wapi kuchimbwe, na alipouona ubaya wa kazi kwa macho yake mwenyewe, hapakuwa na baraza la kumsikiliza.

Kabla ya hapo, na pamoja na hapo, watu wetu walikuwa na ada zao za kusaidiana ambazo hazikuhitaji mjumbe wa serikali. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wapare na Wasambaa wana msaragambo, wakulima wa Kilimanjaro husafisha mifongo, yaani mifereji yao, kwa zamu ili maji yamfikie kila mtu, na pwani visima na misikiti mingi iliishi karne kwa karne kwa wakfu wa waliojaliwa na kwa mikono ya waumini waliovisafisha. Katika ada hizi zote mfanyakazi alikuwa pia mshauri: aliyekuja kuzibua mfongo ndiye aliyekaa katika kikao cha kugawa zamu za maji. Nasema haya kwa sababu huwa naona watu wakiisifu ada huku wakiikata kichwa, wakachukua kile kipande cha mikono na kuacha kile cha baraza. Harambee, iliyoanza kwa moyo safi mara baada ya uhuru, iliharibika pale mchango wake ulipoanza kudaiwa katika afisi za wakubwa. Rwanda wameichagua njia nyingine, wakaiweka umuganda katika sheria, ikawa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kufanya kazi ya pamoja, na miji yao kwa hakika ni safi. Lakini kazi inayoamriwa na sheria ni ushuru wa nguvu, wa haki au usio wa haki, na mimi hapa nazungumza juu ya kitu kingine.

Na kuna suali la haki ambalo wapenzi wa msitu hawapendi kuulizwa. Jumamosi ya nani? Mkaazi wa Runda anayejitolea asubuhi moja kwa mwezi anatoa wakati wake wa mapumziko, na ninamshukuru kwa dhati. Lakini kibarua wa Huruma anayelipwa kwa siku, akijitolea asubuhi hiyo hiyo, ametoa chakula cha watoto wake. Kumwita wa kwanza mzalendo na wa pili mzembe kwa sababu hakuja ni dhulma. Kwa hiyo naona chama cha msitu kilifanya jambo la insafu pale kilipowaajiri vijana wa ujirani kwa mshahara badala ya kuwaomba wajitolee, na sheria ilifanya insafu ilipowatambulia majirani wa misitu haki ya kuni, majani ya mifugo, asali na dawa kwa utaratibu uliopatanwa. Mahali ambapo kazi inahitaji mtu kila siku, alipwe. Kazi ya hiari ikae mahali inapofaa, yaani katika zile kazi za mara kwa mara zinazohitaji mikono mingi na macho mengi kwa muda mfupi. Kule Gazi, katika pwani ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umelitatua suala hili kwa namna inayonipendeza: wanavijiji hupanda na kulinda hekta 117 za mikoko, hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo huuzwa tangu 2013, na jamii yenyewe ndiyo huamua fedha ziende wapi, zikawa zimeingia katika maji na shule. Waliotia miguu matopeni wanaona matope yalizaa nini.

Serikali isije ikajificha nyuma ya watu hawa. Katiba ya mwaka 2010 inamtaka kila mtu kushirikiana na vyombo vya dola katika kuhifadhi mazingira, na maneno hayo hunukuliwa sana na maafisa wanapoomba msaada. Lakini kushirikiana kunahitaji wawili, na katiba hiyo hiyo inaipa dola wajibu wake, pamoja na lile lengo la kufikisha angalau asilimia 10 ya nchi chini ya miti, na inampa kila raia haki ya kwenda mahakamani anapoona mazingira yanadhuriwa. Daraja lililochukuliwa na mafuriko, kama yale ya masika ya 2024 yaliyoitesa Nairobi, si kazi ya akina mama wastaafu na karai. Askari wa msitu mwenye sare iliyochanika na asiye na njia ya kufika upande wa pili wa eneo lake hawezi kusaidiwa kwa shukrani. Ninaogopa siku ambayo bajeti ya misitu itapunguzwa kwa hoja kwamba wananchi wanajitolea vya kutosha, kwa maana siku hiyo wenye hiari wataondoka, na watakuwa na haki ya kuondoka.

Wamarekani wameishi na tatizo hili kwa zaidi ya karne moja, nao wana mfano mmoja unaostahili kusomwa na wakuu wetu wa misitu. Njia ya milima ya Appalachia, yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi katika majimbo 14, ilipendekezwa mwaka 1921 na mtaalamu wa misitu aitwaye Benton MacKaye, na ikakamilika mwaka 1937 kwa kazi ya vyama vya watembeaji waliojitolea, pamoja na vijana wa lile jeshi la kazi la hifadhi lililoundwa na serikali wakati wa dhiki kuu ya uchumi, ambao walilipwa dola 30 kwa mwezi na sehemu kubwa ya fedha hizo ikapelekwa kwa wazee wao nyumbani. Tangu hapo kila chama kimekabidhiwa kipande chake cha njia, kikijue na kukijibia. Mwaka 1968 bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria ya njia za taifa, halikuwafukuza wenye hiari ili kuingiza watumishi wa serikali, wala halikuwaachia mzigo wote. Liliuweka ushirikiano wao ndani ya sheria, na serikali ikachukua jukumu la kununua ardhi na kuilinda mipaka. Nchi ile ina makosa mengi ambayo sitaki tuyaige, lakini katika hili wamefahamu kwamba mwenye hiari hudumu pale anapojua kipande chake ni kipi na anaongea na nani.

Kwetu, aghalabu, mwenye hiari hukaribishwa kwa fulana. Kampuni huleta watumishi wake mia kwa basi, miche huwa imekwisha kutolewa katika mifuko, mashimo yamekwisha kuchimbwa na vibarua usiku wa jana, picha hupigwa, na kabla ya saa sita msitu huwa mtupu. Siwalaumu watumishi wale, ambao wengi wao wangependa kufanya zaidi. Nawalaumu walioipanga siku yao kana kwamba mikono yao haina akili. Fulani katika mia hao angeweza kuwa fundi wa njia kwa miaka kumi ijayo kama angeonyeshwa, kwa robo saa tu, kwa nini mfereji ule unaelekea kule na wala si huku, na kama angeambiwa arudi baada ya mvua akaone kama kazi yake imesimama. Kitalu cha miche hakikosi mtu wa kukifadhili. Kinachokosa mfadhili ni mafunzo ya viongozi wa makundi, sururu zenye mipini imara, sanduku la dawa za jeraha, na mtu wa kuweka daftari la sehemu gani ilitengenezwa lini na ikaonekanaje msimu uliofuata.

Daftari hilo ndilo ninaloliomba kuliko mengine yote, nami naliomba kwa wakuu wa Huduma za Misitu na kwa vyama vya jamii vya Karura, vya Ngong, vya Arabuko-Sokoke na vya kila msitu ambao watu wanauingia kwa hiari. Kila kundi likabidhiwe kipande chake kwa jina na kwa mpaka, liandike linaloliona, na maandishi yake yasomwe katika kikao kinachotengeneza mpango wa usimamizi wa msitu, mbele ya wenye mamlaka, kama ushahidi wa watu wanaoijua ardhi. Panapotokea mtu na ombi la kukata kipande cha msitu kwa barabara au kwa jengo, kundi linalokitunza kipande hicho liitwe kwanza, lisikilizwe kwanza, na jibu lake liandikwe. Na kwa kuwa vuli haingoji mtu, ingefaa vipande hivyo vigawiwe na viongozi wa makundi wafundishwe kabla ya mwezi wa Oktoba, wakati mifereji bado ni mikavu na udongo unakubali jembe.